Damu Yake Mwenyewe

Juzi tumemzika Protase. Katekista alisimama kando ya kaburi akasoma wasifu wa marehemu kutoka karatasi ya daftari: alizaliwa hapa Buganguzi mwaka 1948, akaitetea nchi katika vita ya Kagera, akawa mtaalamu wa afya aliyehudumia wagonjwa bila ubaguzi, ameacha mjane na watoto sita. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikwenda kuhakikisha kwamba shimo linajaa.

Najua, marehemu hasemwi vibaya. Nadhani maneno hayo waliyatunga marehemu wenyewe wakiwa bado hai. Mimi ni Felicitas, mjane wa Mutembei, na kibanja chetu cha migomba kinapakana na cha Protase tangu siku nilipoolewa. Hakuna aliyenipa karatasi nisome, kwa hiyo naandika ya kwangu.

Kwanza, tabia yake. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, Protase aliazima baiskeli ya mume wangu aende nayo Muleba mjini. Jioni akairudisha imefutwa vumbi, inang'aa. Asubuhi Mutembei akaona tairi la nyuma limekuwa upara, wakati alikuwa amenunua jipya mwezi ule ule. Tukamfuata. Protase akatukodolea macho ya mshangao. "Si baiskeli yako mwenyewe hii?" akasema. "Nimekurudishia iliyo yako." Mutembei akacheka, yakaisha. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka. Mimi sikucheka, na wiki iliyofuata tairi letu nililiona kwenye baiskeli ya shemeji yake.

Huyo ndiye mtu. Mengine yote ni baiskeli ile ile.

Vita ilipokuja, alichukuliwa na mgambo akapangiwa kubeba majeruhi. Huko, nyuma ya mapigano, aliona madaktari wa jeshi wakitundika chupa za damu kwenye matawi ya miti. Wenzake walirudi kutoka Uganda na redio na saa za mkononi. Protase alirudi na koti la jeshi, mipira, sindano, na kreti zima la chupa zenye maji ya kuzuia damu isigande. Alikaa mjini Bukoba miaka miwili akifagia maabara ya hospitali moja, akafukuzwa kwa sababu ambayo hakuitaja. Katekista naye hakuitaja.

Kisha ukaja ugonjwa. Sisi tuliuita Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo vilivyovuka mpaka, maana walioanza kukonda walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa hivyo. Baadaye tukakoma kutafuta majina. Kuna wiki tulizika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Jumamosi tukakaa nyumbani tukiogopa kuulizana nani anaumwa. Hospitali walisema dawa hakuna. Walisema kweli, na ukweli huo ukamfungulia Protase duka.

Alianza mwaka 1988, kwenye kile chumba cha mbele kinachotazama barabara. Alivaa lile koti la jeshi. Mgonjwa alilazwa kwenye mkeka, akatolewa damu mpaka chupa ikajaa, na kwenye chupa Protase alibandika plasta na kuandika jina lake kwa kalamu ya wino. Chupa ikasimamishwa ndani ya beseni la maji baridi, mgonjwa akaambiwa arudi baada ya kula mchana. Akirudi anakuta damu yake imejitenga: chini imebaki nyekundu nzito, karibu nyeusi, na juu kuna maji ya manjano, safi kama mafuta ya alizeti. "Unaona?" Protase anamwambia. "Chini ni taka. Ndiyo Juliana hiyo." Yale ya manjano aliyavuta akamrudishia mtu mshipani. Ile nyekundu aliimwaga nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba.

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Protase alimwaga nzito akarudisha maji, na watu wakamshukuru. Wagonjwa walipauka. Viganja vikawa vyeupe, midomo ikawa myeupe, na kijiji kizima kikasema: ametakata, huyo! Migomba ya nyuma ya nyumba ile ilitoa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Hakuna aliyekubali kula ndizi zake ila yeye mwenyewe, na alizila kwa furaha.

Msidhani hakuna aliyeshtuka. Bwana afya wetu, Karugendo, alikuja na pikipiki yake na kitabu chake cha sheria ndogondogo, na mimi nilikuwepo barazani, maana nilikuwa nimekwenda kumzuia mume wangu, aliyekuwa ameanza kukonda, asiandikishwe kutibiwa.

"Unatoa dawa bila kibali," Karugendo akamwambia.

"Dawa gani, waitu?" Protase akauliza kwa adabu yote. "Tafuta humu ndani. Ukikuta kidonge kimoja, nifunge."

"Unachoma watu sindano."

"Namrudishia mtu damu yake mwenyewe. Sikuongeza kitu. Hebu nisomee humo kwenye kitabu chako, mtu anahitaji kibali cha nani ili awe na damu yake mwenyewe?"

Karugendo akafungua kitabu. Akasoma habari za sumu, za nyama, za visima, za dawa zilizopitwa na muda. Jasho likamtoka. Hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya mtu kurudishiwa kilicho chake. Watu waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka chinichini, na mzee mmoja akauliza kama serikali sasa inataka kodi ya damu. Mwishowe Karugendo akaomba kukagua choo. Choo cha Protase kilikuwa kizuri kuliko cha parokia. Akaandika "choo safi" akaondoka, na barua aliyowaandikia wakubwa wake kuomba mwongozo ilijibiwa baada ya miezi minne kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Nilimdharau Karugendo siku ile. Nilimwona mwanamume mzima aliyeshindwa na neno moja, mwenyewe. Baadaye nilijifunza kutomcheka.

Mutembei alikuwa amekonda tangu masika. Alichoka haraka, moyo ulimdunda akipanda kilima, na alipenda kulamba udongo wa ukutani kama mjamzito. Kila aliyemwona alishasema moyoni kwamba ni ule ule. Yeye mwenyewe aliamini. Hakutaka kwenda hospitali Bukoba kusikia jina lake likisomwa mbele ya watu. Mfa maji haachi kutapatapa, akaenda kwa jirani. Nilipiga kelele, nililia, nilificha viatu vyake. Akaenda peku.

Mara ya kwanza alirudi akitembea. Mara ya pili alirudi ameshikwa mkono na Rutashobya. Mara ya tatu alirudi kwenye baiskeli, amefungwa kwa khanga asidondoke, na bado aliniambia, "Felicitas, najisikia mwepesi." Bila shaka alikuwa mwepesi. Damu yake ilikuwa imebaki nusu.

Sasa lazima nieleze Rutashobya ni nani. Alikuwa na kibanja ng'ambo ya bonde, hakuwa ndugu yetu kwa ukoo, lakini yeye na Mutembei walikuwa na omukago. Wasomaji wa mbali watauita kuchanjiana. Mwaka 1955, wakiwa vijana, walikaa juu ya mkeka mmoja mbele ya wazee. Kila mmoja alichanjwa kidogo kando ya kitovu. Ikapasuliwa tunda moja la kahawa, na kahawa huwa na punje mbili zinazolala pamoja kama pacha. Kila mmoja akapaka punje yake damu yake, wakabadilishana, wakameza. Tangu hapo hawezi mmoja kumnyima mwenzake kitu, wala kumwacha, wala kuacha watoto wa mwenzake wakalala njaa. Anayevunja, ile punje humvimbia tumboni. Nimeolewa ndani ya omukago huo. Rutashobya ndiye aliyeshika mwavuli siku ya harusi yangu, ndiye aliyekaa mlangoni mtoto wangu wa kwanza alipokufa.

Jumatano moja ya mwezi Juni, asubuhi, tulimpeleka Mutembei mara ya nne. Semeni nilikwenda nao, msiseme nililazimishwa. Kwenye benchi walikuwepo watu kumi na mmoja, akina mama watatu na watoto migongoni. Protase alitafuta mshipa mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta mguuni. Kilichotoka hakikufunika kitako cha chupa.

"Hana damu," akasema, kana kwamba hajui ilikokwenda. "Huyu anahitaji kuongezwa."

"Mwongeze," Rutashobya akasema.

"Siwezi, mzee. Sharti langu mnalijua. Simtii mtu damu ila yake mwenyewe."

Rutashobya akavua koti, akakunja mkono wa shati. "Basi chukua yake. Hii hapa. Tumekula kahawa, mimi na yeye. Damu yangu ni damu yake mwenyewe."

Nilimwona Protase akifikiri, na naapa hakufikiri juu ya mume wangu. Alikuwa anafikiri juu ya sharti lake, atakavyolijibu siku akiulizwa. Akanigeukia mimi.

"Ma Felicitas, wewe ndiye mkewe. Useme mbele ya hawa watu. Damu ya Ta Rutashobya ni ya mumeo mwenyewe, au si yake?"

Watu kumi na mmoja walinitazama. Mutembei alinitazama kutoka mkekani. Rutashobya hakunitazama, kwa sababu hakudhani kuna jambo la kuuliza. Nani angesimama pale aseme omukago ni uongo? Nikasema, "Ni yake."

Protase akaandika MUTEMBEI kwenye plasta, akaibandika kwenye chupa, halafu ndipo akamtoboa Rutashobya. Safari hii hakusubiri itulie, alisema ni damu ya mtu mzima asiye na taka. Chupa ilipofika robo, mume wangu akaanza kutetemeka mkeka ukatetemeka naye. Akalia mgongo, mgongo. Nikamwambia Protase achomoe. Akasema ni uchafu unapigana, nisubiri. Nikachomoa mimi. Mutembei alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa iliyoungua, na kabla ya kengele ya adhuhuri ya parokia alikuwa amekufa.

Rutashobya alikuwa bado amejilaza upande wa pili wa chumba, pamba mkononi, akiuliza, "Amepata nguvu?"

Protase alikamatwa siku ya mazishi, na safari hii kulikuwa na maiti, si kitabu tu. Kesi ikaenda Muleba. Shtaka lilikuwa kutibu mtu kwa uzembe hadi kumsababishia kifo. Wiki moja kabla ya siku ya kusikilizwa, Karugendo alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kitabu.

"Ma Felicitas, kesi yote iko mdomoni mwako. Kama ilikuwa damu yake mwenyewe, tumerudi kule kule nilikokwama mimi. Kama ilikuwa damu ya mtu mwingine, hakuipima, na hiyo ni hatia."

"Wewe unajua ilikuwa ya nani," nikamwambia.

"Mimi najua. Hawataniuliza mimi."

Sikulala vizuri wiki ile, na si kwa huzuni. Kwa hasira. Kila asubuhi niliona watu wakiingia kwa Protase kumsalimu, maana aliachiwa kwa dhamana, na wengine wakimuuliza ataanza lini tena. Mmoja wa wale akina mama wenye watoto migongoni alikuja mara mbili.

Mahakamani Protase alivaa shati jeupe. Alijitetea kwa sauti ya kanisani. "Mheshimiwa, mimi nina sharti moja, na sijawahi kulivunja. Simtii mtu ila damu yake mwenyewe. Niliuliza. Nikajibiwa. Muulize mjane."

Hakimu alikuwa mtu wa Singida, hajui omukago. Akaitwa Rutashobya aeleze. Mzee alieleza polepole, Kihaya kikimponyoka, karani akitafsiri. Alipoona hakimu haelewi, alifungua vifungo vya shati mbele ya mahakama yote, akaonyesha kovu kando ya kitovu, dogo kama punje ya mtama. "Mimi na yeye ni mtu mmoja," akasema. "Ningemuua vipi?"

Hapo nikaelewa anachoomba. Hakuwa anamtetea Protase. Alimchukia kama mimi. Lakini kama damu ile haikuwa ya Mutembei, basi yeye Rutashobya alikuwa amemtilia ndugu yake kitu kigeni mwilini kikamuua. Alihitaji iwe ya Mutembei. Alikuwa na kila haki ya kuhitaji.

Nikaitwa. Hakimu akaniuliza, "Damu iliyotiwa kwa marehemu mumeo, ilikuwa yake mwenyewe?"

Nilimtazama Protase. Alikuwa anatabasamu kidogo, lile tabasamu la tairi la baiskeli.

Nikasema, "Haikuwa yake. Ilikuwa ya Rutashobya. Mume wangu alikuwa na yake, na yule pale aliimwaga kwenye mgomba."

Mahakama ilipiga kelele. Katika kelele hizo Rutashobya alisimama, shati lake bado wazi. Hakupaza sauti, lakini nilimsikia, na bado namsikia.

"Mke wa Mutembei," akasema kwa Kihaya, "basi mimi nimebeba nini tumboni miaka yote hii?"

Akafunga vifungo vyake, akatoka.

Protase alipata miaka miwili. Kijiji kikapitisha sheria yake ndogo, Karugendo akaiandika kwa mkono wake na kuibandika kwenye mlango wa ghala la chama cha ushirika: ni marufuku kumtoa mtu damu nje ya hospitali, hata kama ni kwa kumrudishia mwenyewe. Aliandika "hata kama" kwa herufi kubwa. Protase akatumikia, akarudi, akauza chumvi na mafuta ya taa, akanisalimia kila siku kama jirani mwema. Wiki hii amekufa kwa presha, kitandani kwake, akiwa na damu yake yote.

Jambo moja zaidi liingie katika wasifu. Mwaka 1992 nilikwenda Bukoba nikapimwa. Sina kitu. Nesi aliniuliza mume wangu aliumwaje, nikamweleza: kuchoka, moyo kudunda, kulamba udongo. Akasema haiwezi kujulikana tena sasa, lakini huenda ilikuwa safura tu, minyoo ya kunyonya damu. Safura ina vidonge. Mtu aliyepungukiwa damu, tulimwacha apunguzwe mara tatu.

Kwa hiyo, mimi nilimfunga Protase, na sijuti hata siku moja. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile, kwa sauti kubwa zaidi. Ninachomchukia zaidi si kifo peke yake. Ni kwamba alichukua neno ambalo Rutashobya na Mutembei walilimeza kwa heshima, akalifanya kibali chake, na hapakuwa na namna ya kumnyang'anya ila kulivunja neno lenyewe. Nikalivunja mimi.

Siku ya nne baada ya hukumu nilisikia panga kibanjani. Nikatoka. Alikuwa Rutashobya, anakata majani makavu ya migomba ya Mutembei na kuyatandaza chini, kama omukago unavyotaka afanyiwe mwenzake aliyetangulia. Nikapiga magoti nimwamkie. Akapita upande wa pili wa mgomba akaendelea kukata. Amekuja hivyo kila msimu, miaka saba. Anapogoa, anapalilia, watoto wangu anawaletea senene, anawauliza shule. Mimi hajaniambia neno.

Jana alikuja tena, siku moja baada ya mazishi, na panga lake. Nikamtengea maji kwenye kibuyu chini ya mti wa kahawa, mahali asipoweza kutoyaona. Jioni nilikuta kibuyu kimejaa kama nilivyokiacha, nikayamwaga kwenye shina la mgomba.